Upinde wa kompaundi: pima mikono kabla ya kuuliza bei

Mhariri, swali lenu la wiki hii linasema: anayenunua upinde wa kompaundi kwa mara ya kwanza, kwa kulenga shabaha au kwa kuwinda, atangulize kasi, nguvu au bei? Naandika kutoka Tanga, na jibu langu ni kwamba vyote vitatu vingoje. Kinachotangulia ni urefu wa kuvuta, yaani umbali ambao upinde umetengenezwa kuvutwa hadi ugote. Ukikosea hapo, hata upinde ghali kuliko wote utakutawanyia mishale.

Sababu imo katika muundo wenyewe. Upinde huu ulibuniwa Marekani na Holless Wilbur Allen, aliyepewa hataza yake mwaka 1969. Badala ya uzi kufungwa moja kwa moja kwenye ncha za mabapa (vile viwiliwili vya juu na chini vya upinde vinavyopinda), unapita kwenye magurudumu, na kebo za kati zinasaidia kuyakunja mabapa, kama kapi za jahazi zinavyompunguzia baharia uzito wa foromali. Magurudumu hayo huitwa kemu, na si duara kamili. Ukianza kuvuta uzito unapanda haraka, unafika kilele, kisha karibu na mwisho unaanguka. Upinde wa ratili 60 (kilo 27 hivi) wenye nafuu ya asilimia 80 unakuachia ratili 12 tu za kushikilia wakati unalenga. Lakini nafuu hiyo inapatikana mahali pamoja tu, pale kemu zinapogota. Upinde wa kawaida unaweza kuuvuta zaidi au pungufu kulingana na mwili wako. Kompaundi haikupi hiari hiyo.

Kupima ni rahisi. Simama umeegemea ukuta, nyoosha mikono pembeni bila kujivuta, viganja wazi, mtu akupime kutoka ncha ya kidole cha kati hadi ncha ya pili. Gawanya kwa 2.5. Mwenye sentimita 170 anapata 68, yaani inchi 26 na robo tatu, na aanze na upinde uliowekwa 26 na nusu au 27. Kisha hakiki upinde ukiwa umevutwa. Kichwa kinabaki wima, uzi unagusa kona ya mdomo na ncha ya pua, na mkono ulioshika upinde una kipindo kidogo kwenye kiwiko. Ikiwa unalazimika kurudisha kichwa nyuma, kiganja kimepita sikio na uzi unakuchapa mkononi, urefu umezidi, hata kama ni kwa nusu inchi. Hili ndilo kosa la wanunuzi wengi, kwa sababu wauzaji hupenda kutoa mrefu: upinde uliovutwa zaidi hurusha kwa kasi zaidi.

Kwa anayeishi mbali na duka la pinde, ningesisitiza jambo moja zaidi: chagua kemu ambazo urefu wake hubadilishwa kwa kuzungusha kipande kidogo chenye alama, kwa alenkii tu. Kuna aina ambazo kila urefu una kemu yake, au zinahitaji presi ya upinde ili kulegeza mabapa. Usijaribu kuyalegeza kwa kamba na vyuma vya gereji. Mabapa yamejaa nguvu muda wote, hata upinde ukiwa umening'inia ukutani.

Nguvu sasa. Kaa kwenye kiti, inua miguu yote miwili, elekeza upinde kwenye shabaha na uvute bila kuunyanyua juu. Ukilazimika kuuelekeza angani ili kupata mwanya wa kuanzia, umezidi uwezo wako, na ni hatari: mkono ukiteleza, mshale unaruka mamia ya mita bila kujua utaangukia wapi. Mtu mzima anayeanza aanze ratili 40 hadi 50. Pinde nyingi zina nafasi ya kama ratili 10 za kupandisha au kushusha kwa boliti za mabapa. Geuza boliti zote mbili sawasawa, robo kwa robo, na usivuke mizunguko iliyoandikwa kwenye kitabu chake. Upinde wa 50 hadi 60 unakutosha kwa miaka. Kwenye mashindano ya World Archery, shirikisho la dunia la mchezo wa upinde, kompaundi hairuhusiwi kuzidi ratili 60, ikipigwa mita 50 kwenye shabaha ya sentimita 80. Na kwa kuwa kompaundi inaingia Olimpiki ya Los Angeles 2028 kwa timu mseto ya mwanamume na mwanamke, kijana anayenunua leo asijifungie mlango kwa upinde wa 70.

Kuhusu kasi nitasema machache. Namba kubwa kwenye tangazo, mathalani futi 330 kwa sekunde, imepimwa kwa ratili 70, mvuto wa inchi 30 na mshale mwepesi wa greni 350 (greni ni kipimo kidogo cha uzito wa mshale). Kila inchi unayopunguza inaondoa takriban futi 10. Mwenye inchi 27 na ratili 60 anayetumia mshale wa greni 420 atapata 260 hivi, na hiyo inatosha kabisa.

Jicho lisisahaulike. Unda kitundu kwa viganja viwili, nyoosha mikono, angalia mlingoti wa ngalawa iliyo mbali, kisha fumba jicho moja moja. Jicho linalobaki na mlingoti ndilo linalotawala, na ndilo linaloamua kama ununue upinde wa kulia au wa kushoto. Urefu wa upinde kutoka ekseli hadi ekseli uendane na kazi: inchi 28 hadi 32 kwa vichakani, 36 hadi 40 kwa uwanjani. Mwenye mikono mirefu ajihadhari na upinde mfupi sana, kwani uzi hukunja kona kali na haufiki puani.

Fedha zote zisiishie kwenye upinde. Tenga angalau theluthi kwa mishale, kitako cha mshale (kinachoubeba mshale kwenye upinde), kilengeo na kifyatuzi cha kiganjani (kinachoshika uzi na kuuachia). Mshale wa kaboni una namba ya ugumu, kama 340, 400 au 500. Namba ikishuka, ugumu unapanda. Kwa ratili 50 na mshale wa inchi 27 anza na 500, kwa 60 na inchi 28 anza na 400. Mshale laini mno hupinda kupita kiasi unapotoka na huenda ukapasuka. Uzito wake usipungue greni 5 kwa kila ratili, maana yake 300 kwa upinde wa 60. Mshale mwepesi haubebi nguvu yote, na inayobaki inarudi kwenye mabapa na kemu. Ndiyo maana kuachia uzi bila mshale kabisa huvunja upinde, wakati mwingine kwa mara moja tu.

Kila mshale uliogonga kitu kigumu ukaguliwe. Ushike ncha zote mbili, mbali na uso, uukunje taratibu huku ukiuzungusha, na usikilize. Ukisikia mlio wa kukwaruza au kupasuka, uvunje vipande viwili na uutupe. Kaboni yenye ufa hupasuka wakati wa kuachia, na vijiti vyake vinaingia kwenye mkono ulioshika upinde. Hili silifanyii masihara hata kidogo.

Shabaha ya nyumbani haina gharama: gunia la katani lililoshindiliwa matambara na mifuko ya plastiki, unene usiopungua nusu mita, vifungo na zipu vikiwa vimeondolewa. Nyuma yake pawe na tuta la udongo, si ua wa makuti.

Hapa pwani chumvi na joto ndio maadui. Ukitoka Raskazone na upinde, ufute kwa kitambaa kikavu, tia tone la mafuta kwenye skrubu na ekseli, ila mafuta yasiguse uzi. Uzi unapakwa nta unapoanza kutoa manyoya, isipokuwa pale palipozungushiwa uzi mwembamba, na ubadilishwe kila baada ya miaka miwili au mitatu. Usiuache upinde ndani ya gari lililofungwa juani. Joto hulegeza gundi ya mabapa na kurefusha uzi. Begi lenye sponji lifunguliwe likauke, vinginevyo linatunza unyevu.

Kuwinda ni suala la sheria kabla ya vifaa. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inataka kibali, na Saadani ni hifadhi ya taifa, hakuwindwi. Anayetaka kuwinda kwa upinde aende TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, apate jibu la maandishi kabla ya kuagiza chochote, na aulize pia forodha na polisi kuhusu kuuingiza nchini.

Na kama unanunua uliotumika, pitisha pamba mkavu juu ya mabapa yote mawili, mbele na nyuma. Pamba ikinasa, kuna ufa. Tazama ekseli kama zina kutu na kama kemu imelalia upande. Kisha uvute taratibu, na mshale ukiwa umewekwa, mtu mwingine akiangalia kama kemu zote mbili zinagota kwa pamoja. Muuzaji akivuta na kuachia bila mshale ili kukuonyesha ulivyo mkali, mrudishie hapo hapo na uondoke.

Msomaji, Tanga