Ekzosi ikitoboka: kiraka kinashika wapi, na kinadanganya wapi

Safari hii barua nyingi zimehusu moshi unaotoka pasipotakiwa. Kabla ya kujibu naomba jambo moja: mkiniandikia, semeni tundu liko wapi. Kiraka kinachoshika karibu na sailensa hakimalizi hata siku kwenye manifoldi, yaani kile chuma kilichofungwa kwenye injini kukusanya moshi wa silinda.

Fundi, gari langu la zamani likiwashwa asubuhi linapiga tik-tik-tik upande wa injini. Likipata moto linanyamaza. Ni tapeti?

Huenda, ila tapeti nyingi (vile vipande vinavyosukuma valvu) hutulia mara tu oili inapofika juu. Sauti ikichukua dakika kadhaa, na ikizidi unapokanyaga mafuta kupanda mlima, mimi naanza na manifoldi. Chuma kikipata moto hutanuka, na ufa mdogo hujifunga wenyewe.

Hakikisha injini ikiwa bado ya baridi. Nyunyiza maji ya sabuni kwenye maungio, washa, kisha mwenzako abane mdomo wa bomba la nyuma kwa kitambaa kinene kilicholowa, kwa sekunde chache tu. Panapovuja patatoa povu au patafoka. Tafuta pia alama ya masizi meusi. Mara nyingi hiyo peke yake inatosha kukuonyesha. Fanya haya nje, si ndani ya gereji.

Bomba limetoboka katikati, chini ya gari. Nina kopo na klipu mbili za mpira wa rejeta. Itafaa?

Itafaa, na wala usione aibu. Hata mimi nimefika nyumbani hivyo zaidi ya mara moja. Ila angalia kopo lenyewe. Makopo mengi ya soda ni alumini, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi na hulegea kabla ya hapo. Nyuma ya gari yatahimili kwa muda, mbele karibu na injini hapana. Chukua kopo gumu la bati, lile linalonaswa na sumaku.

Gari likae juu ya stendi, usiingie chini likiwa limeshikwa na jeki peke yake, na bomba liwe limepoa kabisa. Sugua kutu kwa brashi ya waya mpaka uone chuma. Kata kopo liwe karatasi inayozunguka bomba na kupishana kidogo, ipite tundu kwa sentimita tano hivi kila upande. Paka ile dawa nzito ya kuziba ekzosi, inayogeuka jiwe ikipata moto, kisha vika bati, maungio yake yakiwa upande usio na tundu. Funga klipu kila mwisho. Acha injini iungurume taratibu kama dakika kumi, izime, ipoe, kisha kaza tena. Watu wengi huruka hatua hii ya mwisho, halafu wanalaumu kopo.

Kitambaa cha nyuzi za kioo chenye gundi, kinachouzwa kwa kazi hii, nacho ni kizuri. Ukilifunga bomba juu ya kutu, umeifunga kutu.

Manifoldi ina ufa. Nitumie gundi ya chuma ya kuchanganya mirija miwili?

Hapana. Gesi inayotoka kwenye silinda injini ikifanya kazi nzito inaweza kupita nyuzi 700, na gundi za kawaida za namna hiyo hulegea chini ya 300. Dawa ya ekzosi inahimili moto, lakini haitanuki pamoja na chuma, kwa hiyo hupasuka na kudondoka. Kwanza kagua bolti, kwani mara nyingi tatizo ni gasketi (kizibo chembamba cha kwenye maungio) iliyoungua au nati iliyolegea. Kaza injini ikiwa baridi, ukianzia katikati kwenda pembeni. Bolti yenye kutu uiloweshe kwa mafuta ya kulegeza usiku kucha. Ukiilazimisha itakatika, na kazi ya saa moja itakuwa ya siku mbili.

Tangu bomba la mbele lipasuke, taa ya injini inawaka na mafuta yanakwisha haraka. Yanahusiana?

Yanaweza kuhusiana sana. Ufa ulio kabla ya sensa ya oksijeni, kile kifaa kinachopima oksijeni kwenye moshi, huvuta hewa ya nje kati ya misukumo ya moshi. Sensa inadhani mafuta ni machache, kompyuta inaongeza. Ziba ufa kabla ya kununua sensa. Gari la kabureta lisilo na sensa halina ugonjwa huu.

Abiria wangu wanalalamika kichwa kinauma, ila mimi sisikii moshi. Nikifungua madirisha si inatosha?

Liegeshe gari leo. Usiandike tena, usisubiri kopo wala klipu. Monoksidi ya kaboni haina harufu wala rangi, na hushika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 ya oksijeni. Kutosikia moshi hakuthibitishi chochote. Dirisha au mlango wa nyuma ukiwa wazi unaweza hata kuivuta ndani zaidi. Mtu akiumwa kichwa, akipata kizunguzungu au akitapika, mtoeni kwenye hewa safi na mpelekeni hospitali, mkieleza kwamba alikuwa garini. Gari lipelekwe kwa fundi kwa kuvutwa.

Kiraka changu kina miezi minne na kimetulia. Nikiache?

Bomba huoza kutokea ndani. Petroli ikiungua hutoa maji, na kwenye safari fupi bomba halipati joto la kuyakausha. Lala chini, sukuma kwa bisibisi pembeni mwa kiraka. Likiwa gumu, endelea nalo na ukague tena mwezi ujao. Likibonyea, kiraka ndicho kipande kizima kilichobaki, nunua bomba.