Shangazi, wamebeba cherehani ya mke wangu

*Shikamoo shangazi. Nina miaka 38, nakaa Igombe, nanunua dagaa kwa wavuvi na kuuza mwaloni Kirumba. Mvua ilinikuta mzigo wote uko mchangani, siku nne bila jua, dagaa wakaoza nikawauza kwa bei ya chakula cha kuku. Sasa nadaiwa milioni 14. Milioni 8 ni za benki, dhamana ni nyumba tunayoishi. Kwa mkopeshaji wa mtaani nilikopa milioni 2 kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi, leo anadai 4. Zilizobaki ni za marafiki. Juzi usiku vijana wake walikuja wakabeba kitanda na cherehani ya mke wangu. Kadi yangu ya benki wanayo tangu siku ya kwanza. Kaka anasema nimwandikishe yeye kiwanja changu cha pili, halafu nikimbilie visiwani. Wengine wanasema niende mahakamani nitangazwe muflisi. Naogopa jela, na aibu inanimaliza. – Mdaiwa, Igombe*

Marahaba mwanangu. Nimekulia Nansio, baba alikuwa na mtumbwi na madeni yake. Mdai akibisha hodi, mama alitufundisha kusema baba kasafiri, nami nilikuwa naiona miguu yake chini ya kitanda. Sitaki wanao waione yako.

Tuanze na cherehani. Si yako, ni ya mkeo, na yeye hakukopa. Hata ingekuwa yako, mdai hana ruhusa ya kuingia ndani ya nyumba ya mtu na kujibebea vitu. Mali ya mdaiwa hukamatwa kwa amri ya mahakama, na anayeitekeleza ni dalali wa mahakama mwenye hati mkononi. Na hata huyo dalali, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inamkataza kugusa nguo zenu za kuvaa, vyombo vya kupikia, kitanda na matandiko, na zana ambazo fundi anapatia riziki. Kwa hiyo kesho asubuhi nendeni wote wawili kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha polisi, mkaeleze kilichobebwa, saa ngapi na nani aliona. Ukitoka hapo pita benki, ufunge ile kadi upewe nyingine yenye namba mpya ya siri.

Huyo mkopeshaji mwambie akuoneshe leseni. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, anayefanya biashara ya kukopesha lazima awe na leseni, na kwa wakopeshaji wa aina yake Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Piga hesabu: kwa milioni 2 hiyo ni shilingi 70,000. Yeye amekuwa akikutoza 600,000! Ndiyo maana watu wanaiita kausha damu. Ulichokopa utarudisha, lakini hiyo milioni 4 usiikubali wala usiisaini popote. Benki Kuu ina tawi hapo Mwanza, peleka malalamiko kwa maandishi.

Jela. Kushindwa kulipa deni si jinai. Kifungo cha madai kipo, ila mpaka ushtakiwe, hukumu itoke, mdai aombe, nawe uitwe ujieleze. Mahakama ikiona huna kitu kweli na hufichi, inaweza kukataa kukufunga. Kifungo chenyewe hakizidi miezi 6, na ukitoka deni liko palepale. Anayeumia pale ni yule aliyehamisha mali au aliyetoroka. Sasa umeona kaka yako anakupeleka wapi? Kiwanja ulichokiandikisha kwa jina lake kinaweza kurudishwa, na wewe utakuwa umejifungia mlango uliokuwa wazi.

Kuhusu ufilisi: maombi hupelekwa Mahakama Kuu chini ya Sheria ya Ufilisi, na RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, ndio wenye kazi ya mfilisi. Amri ikitoka, wadai wasio na dhamana hawawezi tena kukuandama mmoja mmoja bila ruhusa ya mahakama. Unayo nafasi ya kuwapendekezea wote mpango wa malipo, na baadaye kuomba kufutiwa hali ya ufilisi. Lakini utataja kila ulicho nacho, kuficha ni kosa la jinai, na benki haiguswi: dhamana yake inabaki dhamana. Kwako wewe naona ni mapema.

Maana unacho kiwanja. Kiuze mwenyewe, hadharani, kwa bei yako, ulipunguze deni la benki. Benki lazima wakupe notisi ya siku 60 kabla ya kuuza nyumba, na wewe usiingoje. Nenda uombe marejesho yapangwe upya. Muulize mkeo kama alisaini ridhaa ya kuweka nyumba rehani, kwa sababu nyumba ya familia haiwekwi rehani bila mwenzi kukubali. Kama hakusaini, tafuteni wasaidizi wa kisheria kabla ya kwenda benki. Hawatozi kitu.

Na hizo milioni 14, je, mkeo anazijua zote? Barua yako ina kitanda, kadi na kaka, yeye umemtaja kwa cherehani tu. Mwambie leo usiku, namba zote, pamoja na za marafiki. Kisha niandikie cherehani ikirudi.