Eneo la uso au ujazo? Aanze kwa kulitazama umbo

Mkuu mleta uzi, umesema kijana wako amekariri kanuni zote za maumbo, lakini akipewa swali hajui ashike ipi, na eneo la uso anaandika kwa lita. Mimi ni fundi, kazi yangu kubwa ni kujenga matangi ya maji ya tofali na saruji, na hesabu hizi ndizo zinazonilisha. Vijana wanaojifunza kazi kwangu huja na tatizo hilohilo, kwa hiyo nitakueleza ninavyowaelekeza wao.

Kanuni aziweke kando kwanza. Alitazame umbo ajiulize: nikilikata mlalo, kuanzia chini hadi juu, kipande kinabaki vilevile? Kama ndiyo, huo ni mche. Boksi, mchemraba, bomba, tangi la duara (mche duara, wengine wanauita silinda), yote ni ukoo mmoja na kanuni ya ujazo ni moja: eneo la kitako mara kimo. Kama kipande kinapungua sawasawa mpaka kuishia kwenye ncha, hiyo ni piramidi au pia (umbo la koni), na ujazo wake ni theluthi moja ya mche wenye kitako na kimo kilekile. Likiwa limeviringana kila upande, ni tufe. Kwa maumbo ya kawaida ya darasani, koo hizo tatu zinatosha.

Eneo la uso kwa mche na piramidi sioni sababu ya kulikariri. Achukue kopo, akate vifuniko viwili, kisha apasue ubavu kwa wima na kuukunjua. Atapata duara mbili na mstatili mmoja ambao urefu wake ni mzingo wa kitako. Eneo la duara na la mstatili anayajua tangu shule ya msingi.

Sasa tangi lenyewe, maana hapa ndipo tofauti inaonekana kwa macho. Chukua tangi lenye kipenyo cha ndani mita 2.8, kwa hiyo nusu kipenyo ni 1.4, na kimo mita 2. Kitako ni 22/7 × 1.4 × 1.4, yaani mita za mraba 6.16. Mara kimo, unapata mita za ujazo 12.32. Kila mita moja ya ujazo ni lita 1,000, basi ni lita 12,320. Hilo ni jibu la mwenye nyumba anayeuliza maji yataingia kiasi gani. Lakini bomba la kumwaga maji yanayozidi likiwekwa sentimita 15 chini ya ukingo, kimo cha maji ni 1.85 na lita ni 11,396. Mteja aambiwe hii ya pili.

Swali la plasta ni jingine kabisa. Ukuta wa ndani ni 2 × 22/7 × 1.4 × 2, yaani mita za mraba 17.6. Ongeza sakafu 6.16, jumla 23.76. Mfuniko hauhesabiwi kama haupigwi plasta, na hapa ndipo waliokariri wanapokwama: kanuni ya kitabuni ina vitako viwili, tangi langu lina kimoja. Kisha plasta ikiwa na unene wa sentimita 2.5, zidisha 23.76 kwa 0.025 na mchanganyiko unaohitajika ni karibu mita za ujazo 0.6. Eneo limezaa ujazo tena, mbele ya macho yake.

Mwambie pia azidishe kila kipimo cha tangi hilo mara mbili. Plasta itaongezeka mara nne, maji mara nane. Ndiyo maana tangi moja kubwa linakula plasta kidogo kuliko madogo mengi yenye jumla ya lita zilezile. Ila maji yakiwa na kina zaidi yanasukuma ukuta kwa nguvu zaidi kule chini, kwa hiyo mimi napendelea kupanua kuliko kupandisha.

Kwa pia, aangalie kimo gani anatumia. Paa la makuti la msonge lenye nusu kipenyo mita 3 na kimo cha wima mita 4 lina mshazari (urefu wa ubavu ulioinama) wa mita 5, kwa kanuni ya Pythagoras: 3×3 + 4×4 = 5×5. Makuti yanalala kwenye mshazari: 3.14 × 3 × 5, yaani mita za mraba 47.1. Ile 4 ni ya ujazo tu.

Tufe lina uzuri wake. Liweke ndani ya silinda inayolibana kila upande: tufe ni theluthi mbili ya silinda hiyo kwa ujazo, na theluthi mbili vilevile kwa eneo la uso. Archimedes, mwanahisabati wa Wagiriki wa kale, alilithibitisha hilo, na Cicero aliyekuwa ofisa wa Roma kule Sisilia mwaka 75 KK aliandika kwamba alilitambua kaburi la Archimedes kwa kuona tufe na silinda juu yake. Pia yenye kitako na kimo cha silinda ileile ni theluthi moja. Moja, mbili, tatu: pia, tufe, silinda.

Akishamaliza hayo, mpe ndoo. Si mche, maana mdomo ni mpana kuliko kitako, na wala si pia kamili. Ni pia iliyokatwa ncha. Tuseme nusu kipenyo cha mdomo ni sentimita 15, cha kitako 12, kimo 35. Ujazo ni 1/3 × 22/7 × 35 × (15×15 + 15×12 + 12×12), yaani sentimita za ujazo 20,130, lita 20 na ushee. Akitumia wastani wa 13.5 kama silinda atapata karibu 20,050, tofauti ndogo sana. Lakini ajaribu wastani huohuo kwenye pia kamili: atapata robo ya silinda badala ya theluthi. Mwache atafute kwa nini, kisha apime ndoo ya nyumbani kwa rula na kuijaza maji kwa chupa ya lita moja.