Dizeli "safi" iliyochafua hewa

Ndugu yangu, umeuliza nani anaumia kampuni ikitia chumvi kidogo kwenye matangazo yake ya mazingira. Wanaumia wanaovuta hewa. Chukua Volkswagen. Kwa miaka kadhaa iliwauzia Wamarekani magari ya "dizeli safi", na Jetta yake ikapewa tuzo ya gari la kijani la mwaka 2009. Kumbe ndani ya kompyuta ya injini kulikuwa na programu inayotambua gari linapopimwa. Kwenye mashine ya vipimo gari linajibana na kutoa moshi kidogo. Likirudi barabarani linaachia oksidi za nitrojeni hadi mara 40 ya kiwango kinachoruhusiwa. Gesi hizo ndizo zinazombana kifua mtoto mwenye pumu.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia walifunga vipimo kwenye magari yenyewe wakayaendesha barabarani, namba zikakataa kulingana na zile za mashine ya vipimo. Septemba 2015 serikali ya Marekani ikaliweka jambo wazi, na kampuni ikakiri kwamba magari yapatayo milioni 11 duniani yalikuwa na programu hiyo. Mwaka 2017 ikakubali makosa mahakamani.

Kinachoniuma zaidi ni wale wanunuzi. Wengi walitoa pesa zao kwa nia njema kabisa, wakiamini wanapunguza uchafu, na nia hiyo ndiyo iliyofanywa mtaji. Ndiyo maana nikiona jani la kijani kwenye tangazo nauliza kwanza nani amepima, na amepimia wapi.