Taa za freni haziwaki hata moja

Mama, usikimbilie kununua ampule (balbu) za gari. Umesema taa za usiku za nyuma zinawaka, lakini ukikanyaga freni hakuna kitu, hata ile ya juu kwenye kioo. Ampule tatu haziungui siku moja! Angalia kwanza fyuzi iliyoandikwa STOP. Ikiwa nzima, inama chini ya usukani: juu ya pedali ya freni kuna swichi ndogo yenye kipini. Pedali ikishuka, kipini kinatoka nje na umeme unapita. Ya kwangu ilijaa vumbi la hizi barabara zetu za Goma. Nilichomoa soketi yake, nikaunganisha nyaya zake mbili kwa kipande cha waya, taa zikawaka papo hapo. Swichi ndiyo ilikuwa imekufa. (Yako ikiwa na nyaya nne, mwachie fundi wa umeme.)

Ingekuwa taa ya upande mmoja, hapo ningesema ampule. Ampule nyingi za nyuma zina nyuzi mbili ndani ya kioo chake, wa wati 21 wa freni na wa wati 5 wa usiku. Mmoja hukatika, mwingine unabaki. Na fundi akitaka kuweka fyuzi ya ampea nyingi zaidi, kataa kabisa.