Ukumbini weka M, mdogo wangu

Wiki iliyopita nilipata ujumbe wa msichana wa Wete, Pemba. Kanunua kamera ya mkono wa pili, kapewa harusi ya binamu yake aipige, na picha zimemliza. "Dada, walipo watu wenye nguo nyeupe nyuso zimezama, walipo wenye mabuibui nyuso zimeungua, na zote zina umanjano. Aliyeniuzia kamera kaniambia nirudi kwenye oto, kamera ijipangie yenyewe, niache kujitia ujuzi. Nifanyeje?"

Nilimjibu kwa sauti usiku ule ule. Lakini nimeona niandike kabisa, kwa sababu wasichana wengi wanaotaka kuingia kazi hii wananiuliza swali hilohilo, na kwa sababu maneno ya "rudi kwenye oto" nimeambiwa na mimi, mbele za watu, na bado yananiuma.

Nilianza kama msaidizi katika studio moja ya mjini. Harusi zetu mnazijua. Nikahi ni ya wanaume, lakini siku ya wanawake mwanamume haingii na kamera yake, na mwenye studio alikuwa mwanamume. Kwa hiyo alinipa kamera, akazungusha gurudumu hadi AUTO, akaniambia nisiguse kitu chochote. Nilikwenda, nikapiga, nikarudisha kadi. Picha nzuri zilikuwa za studio. Mbaya zilikuwa zangu. Siku moja mama wa bibi harusi alikuja dukani na albamu mkononi, akaniuliza mbele ya wateja kwa nini nimempaka mwanawe masizi. Mwenye studio alikuwa amekaa pale pale, akatazama simu yake. Nilipomwomba aniruhusu nijifunze modi nyingine, alisema mwanamke akishajua kupanga picha na kusema "tabasamu" inatosha, mengine kamera inayajua yenyewe.

Niliondoka. Nikaingia upatu na wenzangu wa mtaani, zamu yangu ilipofika nikanunua Nikon D7100 iliyotumika na lenzi ya 50mm f/1.8. Kamera hiyo ilitolewa mwaka 2013 na leo watu wanaiona ya zamani, lakini imenilipia kodi na imenisomeshea mdogo wangu. Mwezi uliopita nilipiga harusi moja Kiembesamaki, na bibi wa bibi harusi, mtu mzima ambaye macho yake hayaoni vizuri, aliitazama picha ya mjukuu wake akataja mmoja mmoja waliokaa nyuma yake. Studio ile ile siku hizi inanitumia wateja wa upande wa wanawake. Napokea kazi, nafanya, wala sisemi kitu.

Sasa tuje kwenye kamera, na hapa naomba usome polepole.

Kamera haimwoni bibi harusi. Inapima mwanga unaorudi kutoka kwenye vitu, na imetengenezwa kuamini kwamba kila inachokitazama, kwa wastani, ni cha kijivu. Ielekeze kwenye safu ya wanaume wenye kanzu nyeupe: inadhani mwanga umezidi, inapunguza, kanzu zinatoka kijivu na nyuso zinazama. Ielekeze kwa kina mama watano wenye mabuibui: inadhani kuna giza, inaongeza, mabuibui yanapauka na nyuso zinaungua. Kamera za sasa hugawa picha vipande vingi na kujitahidi kukisia, lakini zikikosea hukosea kwa njia hii hii. Ndiyo maana picha za yule msichana zimepishana hivyo, ilhali taa za ukumbi zilikuwa zilezile tangu magharibi hadi watu walipotawanyika.

Basi kabla hujazungusha gurudumu jiulize jambo moja tu: hapa nilipo, ni kitu gani kinachobadilika? Ni mwanga, ni mwendo wa watu, au ni nguo zao?

Ukumbini mwanga haubadiliki. Zinazobadilika ni nguo mbele ya lenzi yako. Kwa nini basi uiruhusu kamera ibadili kipimo kila shela jeupe linapopita na kila buibui linapopita? Weka M, modi ambayo namba zote unaziweka wewe kwa mkono. Najua M inawatisha watu, wanaambiwa ni ya mabingwa. Si kweli. Ranchhod Oza alipofungua Capital Art Studio pale Mji Mkongwe mwaka 1930 hapakuwa na oto ya kumsaidia. Wapiga picha wa zama zile waliweka namba kwa mkono, na mpaka leo tunazitazama sura za wazee wetu zikiwa wazi.

Mimi nikifika ukumbini, kabla wageni hawajajaa, namwomba somo wa bibi harusi akae kwenye kiti cha mapambo. Naweka tundu la lenzi f/2.8 (namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa, mwanga unaingia mwingi), kasi ya shata 1/100, yaani pazia la kamera linafunguka kwa sehemu moja ya mia ya sekunde, kisha napandisha ISO, wepesi wa kamera kupokea mwanga, mpaka uso wake utoke vizuri. Kwenye kumbi zetu nyingi huishia kati ya 1600 na 3200. Ikiwa ISO hiyo imeleta chembechembe kidogo kwenye picha, ziwepo. Chembechembe mteja hazioni kwenye albamu, uso uliozama anauona. Baada ya hapo sigusi kitu. Aje mwenye dhahabu shingo nzima, aje bimkubwa na buibui lake, aje bibi harusi na gauni jeupe, kipimo ni kilekile kwa sababu taa ni zilezile. Nikihamia uwani au chumba cha kupambia, napima upya. Umeme ukikatika na jenereta ikashika, napima upya.

Hiyo 1/100 usiibadilishe ovyo. Umeme wetu unazunguka mara 50 kwa sekunde, na taa nyingi za mirija na za LED za bei nafuu huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde bila jicho kutambua. Ukipiga kwa 1/500 shata inanasa kipande tu cha ule mwako, ndiyo unapata picha moja ya manjano, inayofuata ina ukijani, ya tatu ina mistari. Kwa 1/100 kila picha inapata mwako mzima. 1/50 nayo inafaa kwa hesabu hiyo, ila mtu akigeuza kichwa anatoka na ukungu. Taa za jukwaani zinazobadili rangi zenyewe hazifuati hesabu hii. Kwa hizo subiri ije rangi nyeupe ndipo upige.

Watakwambia ununue flashi uielekeze kwenye dari. Dari ikiwa nyeupe na ya chini, sawa kabisa. Lakini nyumba za Mji Mkongwe dari zake ziko juu na zina boriti nyeusi, mwanga unapanda haurudi. Na ukumbi uliofunikwa vitambaa vyekundu unakurudishia uso mwekundu.

Nje mambo yanageuka, kwa sababu huko mwanga ndio hautulii. Wingu linapita, unaingia kichochoro chenye kivuli, unatokea uwanjani kwenye jua kali, na bwana harusi haachi kutembea. Hapo natumia A. Wenye Canon wataiona imeandikwa Av. Mimi nachagua tundu, kamera inatafuta kasi ya shata. Naanza na f/4 na ISO 200, na kidole hakiondoki kwenye kile kitufe chenye +/−, cha kuongeza au kupunguza mwanga wa picha, kwa sababu kasoro ya kijivu bado ipo. Kanzu zikijaa kwenye picha, +1. Mchanga mweupe wa Paje au Jambiani saa za mchana, +1. Mabuibui matupu, −1 au pungufu kidogo. Kisha rudisha sifuri mara moja, maana kamera itaendelea na ulichoiachia. Chungulia pia kasi ya shata: ikishuka chini ya 1/125 na watu wanatembea, pandisha ISO.

Na usimpige mtu saa sita mchana katikati ya uwanja. Hapa kwetu jua liko utosini, macho yanageuka mashimo, hakuna modi itakayokuokoa. Msimamishe kwenye kizingiti cha mlango wa nakshi, ndani kidogo ya kivuli, atazame ukuta mweupe wa chokaa ulioko mbele yake unaopigwa na jua. Ule ukuta unamrudishia usoni mwanga laini kuliko flashi yoyote niliyowahi kushika. Hilo sikufundishwa na mtu, nimeliona mwenyewe kwa kusimama vichochoroni. Forodhani jioni ni pazuri kwa sababu inatazama magharibi, lakini jua la kwetu likishagusa maji giza haliko mbali, kwa hiyo familia yote iwe imeshapangwa kabla.

S, au Tv kwa wenye Canon, ambako wewe unachagua kasi ya shata na kamera inatafuta tundu, ni ya beni na ngoma. 1/250 na kuendelea ikiwa unataka miguu isimame hewani. 1/30 ikiwa unataka kanga zitiririke. Sina zaidi ya hapo la kusema juu ya S.

Hina ina utaratibu wake. Wengi wakinunua lenzi ya f/1.8 wanataka kila kitu kwa f/1.8, na tundu kubwa hivyo huonyesha vizuri sehemu nyembamba tu, wanarudi na kidole kimoja kilicho wazi na mchoro wote uliobaki umefifia. Aliyechora amekesha. Mweke bibi harusi karibu na dirisha, zima taa za ndani ili rangi mbili za mwanga zisigombane, weka f/5.6 au f/8, viganja vyote viwili viwe umbali mmoja na lenzi. Wekundu wa hina na weusi wa piko vitaonekana vilivyo.

Umanjano wa picha zako unatoka kwenye WB, mpangilio unaoiambia kamera mwanga uliopo una rangi gani. Kwenye balbu za manjano chagua alama ya balbu, au weka namba karibu na 3200. Nje juani ni karibu na 5500. Kivulini panda hadi 7000 na kitu, maana kivuli kina ubuluu wa mbingu. Ukumbi ukiwa na taa mchanganyiko, piga picha moja ya leso nyeupe mbele ya uso wa bibi harusi, itakuongoza ukirudi nyumbani. Na upige RAW, faili ghafi ambalo kamera haijalipika. JPEG, ile picha ya kawaida iliyokwisha pikwa, ina ngazi 256 tu za kila rangi, RAW ya kamera yangu inafika 16,384, kwa hiyo umanjano unautoa bila kuichubua picha. Faili ni kubwa, nunua kadi nyingine. Ule mpangilio wa Vivid unaofanya rangi ziwake uache kabisa: nguo nyekundu chini ya taa za LED hupoteza nyuzi zote, inabaki bapa tupu.

Hapa nitasema jambo lililonikosesha wateja. Wapo wanaotaka niwaweupeshe. Mama ananiletea picha za studio nyingine ambako kila mtu katoka na rangi moja ya mpauko, ananiambia nataka hivi. Nakataa. Rangi ya maji ya kunde ya mtoto wetu ikipimwa sawasawa inang'aa yenyewe, ina wekundu, ina udhahabu, na singo aliyosuguliwa siku zote zile inaonekana kwenye ngozi. Anayeipaka weupe kwenye kompyuta ni yule aliyeshindwa kuipima kwenye kamera. Ninyi mnaoanza, msikubali. Ukimrudishia bibi harusi sura isiyo yake, umemwambia kwamba sura aliyokuja nayo ilikuwa na kasoro. Atakaa na albamu hiyo maisha yake yote, na watoto wake wataitazama. Jifunzeni kupima. Kamera unayo, namba ziko wazi, kitabu cha maelekezo kimo ndani ya boksi, na kama boksi halikuja nacho kipo mtandaoni bure. Kinachowashinda wengi ni subira ya kukaa na kamera chumbani, umvike mdogo wako kanzu, umpige, umvike buibui, umpige, utazame tofauti.

Ukishaijua namba yako, ihifadhi. D7100 ina U1 na U2 kwenye gurudumu. U1 yangu ni ya ukumbini, U2 ni ya nje. Hata nikihangaika na vitufe vipi, nikizungusha tu zinarudi kama nilivyoziweka. Kamera nyingine huandika C1 na C2.

La mwisho ni amana. Picha za siku ya wanawake ni za watu waliovua mabuibui yao kwa sababu wamekuamini. Hazipandi Instagram, hazipelekwi kwa kijana wa kompyuta akakusaidie kusafisha, hazionyeshwi kwa mume wako. Kamera yangu ina nafasi mbili za kadi, nimeipanga ya kwanza ipokee RAW na ya pili JPEG. Kadi ya pili naitoa usiku uleule nikamkabidhi mama wa bibi harusi mkononi kabla sijavaa viatu. Ya kwanza nakwenda nayo nyumbani, nazifanyia kazi mwenyewe kwenye kompyuta isiyounganishwa na mtandao, na siifuti mpaka mama mwenyewe anipigie kuniambia picha kazifungua zote na hakuna iliyokosekana.