Hela ya keki na hela ya kikoba zisikae laini moja

Mdogo wangu, umeuliza kama kodi ya pango, umeme wa LUKU na bando unaweza kuvitoa kwenye hesabu za TRA (mamlaka ya mapato) kwa sababu unaoka keki nyumbani. Halafu chini kabisa, kama vile si kitu, umeandika kwamba hela zote zinaingia kwenye laini yako ya kila siku na "mwisho wa mwaka nitachambua". Hapo nimeshindwa kupita kimya. Weka LUKU pembeni kwanza. Hicho ulichokimalizia ndicho kilichonikata zaidi ya laki sita na nusu.

Mwaka 2023 nilikuwa naoka keki za oda Tabata. Mauzo yangu ya kweli yalikuwa kama milioni 9 kwa mwaka. Kwenye jedwali la wafanyabiashara wadogo, mwenye mauzo kati ya milioni 7 na 11 akiwa na kumbukumbu za mauzo zilizoandikwa analipa 90,000 na asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 7. Mimi ingekuwa 150,000. Asiye na kumbukumbu, 250,000. Hata hiyo ningelipa nikalala usingizi.

Sasa mimi daftari la mauzo sikuwa nalo, nilikuwa na laini. Na laini hiyohiyo ndiyo ilikuwa inapokea michango ya kikoba, maana mweka hazina ni mimi: wanawake kumi na wawili, 20,000 kila Jumapili. Piga hesabu ya mwaka mzima uone, karibu milioni kumi na mbili na nusu. Ongeza michango ya harusi ya binamu yangu na ada ya mtoto wa kaka iliyokuwa inapitia kwangu.

Siku ya makadirio ya kodi pale TRA nikaulizwa kumbukumbu ziko wapi, nikatoa taarifa ya miamala ya simu. Afisa akajumlisha yaliyoingia: milioni 23. Nikamwambia nyingi humo ni za kikoba. Akanisogezea karatasi na peni, akasema kwa upole kabisa, "Haya mama, weka alama zipi ni za kikoba." Nikaanza. Mstari wa kwanza: jina la jirani yangu, 20,000, Jumapili. Chini yake jina hilohilo, 20,000, Jumatano. Ile ya Jumatano ni mchango aliochelewesha au ni keki ndogo ya mwanawe? Wanakikoba wangu ndio wateja wangu! Nilikaa na ile peni nikashindwa kuapia hata ukurasa mmoja.

Milioni 23 kwa asilimia 3.5 ni 805,000. Na ukishavuka milioni 11 hata ile nafuu ya mwenye kumbukumbu huipati tena, na mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi, unatakiwa uwe nayo.

Lakini kilichonimaliza ni kishoka. Kuna mtu mtaani anajiita mtaalamu wa kodi, nilishampa elfu hamsini mwezi wa kwanza. Ndiye aliyeniambia "biashara ya nyumbani haina haja ya daftari, meseji za simu ndizo daftari". Nilipompelekea karatasi ya makadirio akasema, "Usijibu chochote, nitaongea nao." Nikamwamini. Kumbe sheria inakupa siku 30 za kuweka pingamizi, na ndani ya hizo siku unalipa kodi usiyobishia au theluthi ya iliyokadiriwa, ile iliyo kubwa. Theluthi yangu ilikuwa kama 268,000, ningekopa hukohuko kikoba. Na ushahidi ninao: daftari la kikoba liko kabatini kwangu, kila Jumapili limesainiwa na wanawake wote! Lingenitoa. Siku 30 zikapita, kishoka simu hapokei. Nimelipa yote, na riba juu, kwa kuuza ile mashine yangu kubwa ya kuchanganyia unga. Mtu yeyote akikwambia "nitaongea nao", mwombe akuandikie barua ya pingamizi uione kwa macho yako na uipeleke mwenyewe. Akikataa, chukua karatasi zako uondoke.

Hilo la pango na LUKU: ukiwa kwenye jedwali hilo (mauzo yasiyozidi milioni 100), kodi inapigwa kwenye mauzo, si kwenye faida. Kwa hiyo umeme, gesi, pango, havipunguzi hata shilingi. Wanaotoa gharama ni wanaoandaa hesabu kamili, na hata wao wanatoa ile ya biashara tu, si umeme uliopikia wali wa watoto. Kwako wewe kinachokuokoa ni kuweza kuthibitisha mauzo yako ni kiasi gani. Ndiyo maana naipigia kelele laini.

Mimi sasa nina laini ya pili yenye lipa namba, ya keki peke yake. Mtu akitumia humo mchango wa kikoba, hata awe shangazi, namrudishia siku hiyohiyo. Kila usiku kabla sijalala naandika kwenye kaunta buku: tarehe, mteja, keki gani, bei, kalipa taslimu au simu. Risiti za unga na siagi nazipiga picha siku ileile, maana za mwanzo niliziweka droo ya karibu na oveni, joto likazigeuza nyeusi tii, hata tarehe haisomeki. Kila mwezi na bahasha yake, na natunza miaka mitano.

Usisubiri Januari. Una oda za Jumamosi, si ndiyo? Kesho asubuhi kasajili hiyo laini, na hao wateja wa Jumamosi uwatumie namba mpya. Ukishaipata rudi hapa uniambie, nikuonyeshe nilivyochora kurasa za daftari langu.